Mtumba wa ngozi, mtumba wa pamba au kipya cha kivegani: uchukue kipi?

Mvegani, yaani mtu asiyevaa wala kula kitu kilichotoka kwa mnyama, akisimama mbele ya rundo la mitumba ana njia tatu. Anaweza kuchukua koti la ngozi au sweta la sufu kwa hoja kwamba mnyama alishakufa zamani. Anaweza kutafuta humo humo rundoni nguo isiyo na mnyama hata kidogo. Au anaweza kuliacha rundo na kununua kipya kilichotengenezwa bila mnyama. Mabishano mengi huwa kati ya njia ya kwanza na ya tatu, ilhali kwa nguo nyingi jibu ni ya pili. Ugumu wa njia hiyo ni kuitambua nguo yenyewe: lebo imekatwa, bitana inaficha, na kifungo kinaweza kuwa cha pembe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni kazi ya macho na vidole.

Pesa yako inaishia wapi

Hoja ya "mnyama alishakufa" ina uzito wake. Ukinunua koti la ngozi lililokwisha kuvaliwa, kiwanda cha ngozi hakipati kitu. Ila kuna mambo ambayo hoja hiyo huyaruka.

La kwanza ni bei ya kuuzia tena. Mtu anayenunua mkoba mpya wa ngozi wa jina kubwa anajua kwamba akiuchoka atauuza na kurudisha sehemu nzuri ya pesa yake. Anayeupokea kwa pesa ndiye anayemrahisishia kwenda kununua mwingine mpya. Uhusiano huo una nguvu kwa vitu vinavyoshika bei, kama mikoba, viatu vya ngozi, makoti ya manyoya na sweta za kashmiri (sufu laini ya mbuzi). Kwa sweta la sufu lililotoboka kiwiko na kuuzwa kwa bei ya kutupa, karibu haupo. Kwa hiyo mitumba yote yenye mnyama haiwezi kutiwa kapu moja.

La pili ni kile kinachotokea ukiliacha. Koti zuri la ngozi haliendi jalalani kwa sababu wewe umelipita. Litachukuliwa na mtu ambaye pengine angenunua jipya. Hapo kuliacha ndiko kunakopunguza mauzo ya ngozi mpya, si kulichukua. Hoja ya "isiharibike bure" inasimama vizuri kwa nguo ambayo kweli hakuna mwingine anayeitaka.

Vegan Society, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1944, kinaueleza uvegani kuwa ni kuepuka kuwatumia wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Nafasi hiyo ni ya mwenye shida: anayedaiwa buti za usalama kazini kesho asubuhi na hakuna zilizopo ila za ngozi. Ni vigumu kuinyoosha hadi imfikie anayelitaka koti kwa sababu limempendeza.

Kuna jingine ambalo wavegani wachache hulikumbuka, nalo ni muuzaji. Maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa bure, yanachangia taasisi fulani, na baadhi ya taasisi za utafiti wa tiba hugharamia majaribio kwa wanyama. Shati la pamba tupu ulilonunua huko linaweza kuwa na uhusiano wa moja kwa moja zaidi na mnyama wa leo kuliko mkanda wa ngozi uliouokota sokoni. Taasisi nyingi za namna hiyo huchapisha sera yao kuhusu majaribio. Isome mara moja, ujue duka lipi ni lako.

| | Mtumba wenye mnyama | Mtumba usio na mnyama | Kipya cha kivegani |
|---|---|---|---|
| Pesa | Inaimarisha bei ya kuuzia tena | Haimfikii mfugaji kwa vyovyote | Inamfikia mtengenezaji anayeacha wanyama |
| Malighafi mpya | Hakuna | Hakuna | Ipo, mara nyingi ya mafuta ya petroli |
| Kinachoharibika | Nondo, ukungu, kukauka na kupasuka | Lastiki na ngozi bandia ya zamani | Kidogo mwanzoni |
| Kazi ya kukagua | Ndogo | Kubwa | Ndogo, ila uliza gundi |
| Inapofaa | Dharura tu | Shati, suruali, gauni, jaketi, sweta | Viatu, mikanda, chupi na soksi |

Lebo, ikiwepo

Kwanza tafuta maneno yenyewe. Sufu huandikwa wool, laine, Wolle au lana. Hariri ni silk, soie, Seide au seta. Ngozi ni leather, cuir, Leder, cuero au pelle. Malaika ya ndege, yaani manyoya yake laini ya ndani, ni down, duvet au Daunen. Merino, cashmere, angora, mohair na alpaca zote ni manyoya ya wanyama hata kama neno la sufu halipo. Viscose, modal, lyocell na cupro ni za mimea, na acrylic, polyester, polyamide na elastane ni za kiwandani.

Kisha jihadhari na majina ya ufumaji yanayodhaniwa kuwa majina ya malighafi. Satini ni namna ya kufuma, inaweza kuwa hariri au poliesta. Velveti na flaneli vilevile. Neno pashmina, ambalo ni jina la sufu laini ya mbuzi, huwekwa hata kwenye skafu za viskosi tupu.

Mtego mkubwa kuliko yote ni "vegetable tanned". Hiyo ni ngozi halisi ya mnyama, iliyotiwa dawa ya magome ya miti badala ya kemikali za kromu. "Bonded leather" ni vumbi na vipande vya ngozi halisi vilivyogandishwa kwa plastiki, kwa hiyo nayo haifai. "Ecopelle" ya Kiitaliano ni ya kutiliwa shaka kila mara, maana wengine huitumia kwa ngozi bandia na wengine kwa ngozi halisi.

Nguo zilizouzwa Ulaya zina msaada wa ziada. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1007 ya mwaka 2011 inataka nguo yenye kipande kisicho cha kitambaa kilichotoka kwa mnyama, kama kiraka cha ngozi au kifungo cha pembe, iandikwe hivyo wazi kwenye lebo. Mstari huo huwa chini ya asilimia za nyuzi na kwa maandishi madogo. Watu husoma "100% cotton" wakaishia hapo. Nguo za kabla ya kanuni hiyo hazina mstari wowote, na kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote.

Lebo pia hukupa umri. "Made in West Germany" ni ya kabla ya mwisho wa 1990, na "Czechoslovakia" ni ya kabla ya 1993. Umri una maana hapa kwa sababu ya ngozi bandia, kama tutakavyoona.

Lebo isipokuwepo

Ngozi ya kweli na ya bandia hutenganishwa na ukingo uliokatwa. Usihangaike na vinyweleo vya juu: ngozi halisi hupigwa chapa ya vinyweleo vya uongo, na bandia huigiza vya kweli. Tone la maji nalo hudanganya, maana ngozi iliyopakwa rangi nzito hainyonyi maji. Ligeuze koti, tafuta mahali ambapo fundi hakukunja: ndani ya mfuko, chini ya zipu, nyuma ya tundu la mkanda. Halisi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo kama kadibodi iliyochanwa, hazina safu. Bandia inaonyesha safu mbili au tatu zilizonyooka: ngozi nyembamba ya plastiki juu, sponji katikati, na kitambaa kilichofumwa chini. Ukikuna kwa ukucha, kitambaa hicho huchomoza uzi.

Manyoya yafungue kwa vidole hadi kwenye shina. Chini ukiona ngozi, ni mnyama. Ukiona wavu wa kitambaa, ni ya kiwandani. Ncha nazo husema: nywele ya mnyama ambayo haikunyolewa hukonda hadi kuisha, ya kiwandani mara nyingi hukatika butu. Sindano hupita bila shida kwenye kitambaa, ila hugoma kwenye ngozi. Kosa hutokea zaidi kwenye kofia za majaketi, kwenye ule ukanda mwembamba wa manyoya ambao mtu huudhani ni pambo la plastiki. Mara nyingi umefungwa kwa zipu au vifungo. Ukiwa wa kweli, unaweza kuubandua na kubaki na jaketi, ingawa pesa utakuwa umelipa ya vyote viwili.

Kwa jaketi lililojazwa, bana kidole gumba na cha shahada juu ya mfuko mmoja na usugue. Malaika ya ndege yakichanganyika na manyoya huwa na vijiti vyembamba vinavyochoma, na ncha nyeupe huchungulia kwenye mishono. Ujazo wa poliesta unasuguana kama pamba ya godoro na hauna kijiti. Malaika safi hayana vijiti vingi, kwa hiyo ukosefu wake peke yake hautoshi. Angalia na mishono.

Kitambaa chenyewe kipime nyumbani kwa moto, baada ya kununua, kamwe si dukani. Chomoa nyuzi 5 au 6 za urefu wa sentimita 3 kutoka kwenye akiba ya mshono wa ndani. Zishike kwa kibano juu ya sahani ya udongo, bakuli la maji likiwa karibu, dirisha likiwa wazi. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, hujizima zikitolewa motoni, na majivu yake meusi husagika kwa vidole. Pamba, kitani na viskosi hunuka karatasi, huendelea kuwaka, na huacha majivu mepesi ya kijivu. Poliesta na nailoni huyeyuka, hujikunja kuukimbia moto na kuacha tone gumu. Akriliki huwaka kwa kasi na moshi, huacha uvimbe mweusi usio na umbo. Hii ndiyo huigiza sufu mara nyingi kwa macho, na pua huitofautisha papo hapo. Mchanganyiko hutoa vyote viwili: tone gumu lenye harufu ya nywele ni sufu pamoja na poliesta. Usichome ngozi bandia. Ikiwa ni ya PVC, aina ya plastiki, hutoa gesi ya asidi inayounguza koo.

Asiyependa moto atumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Weka uzi kwenye kijiko cha dawa hiyo na uache nusu saa. Sufu na hariri hutoa mapovu, hulegea na kuyeyuka. Pamba na poliesta hubaki. Usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi.

Suti, mahali ambapo rahisi hushinda ghali

Suti inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu lebo yake husema ukweli wa nje tu. Koti la poliesta na viskosi linaweza kuwa na kifua kilichojengwa kwa kitambaa kigumu cha kati chenye nywele za farasi au za mbuzi. Bana kitambaa cha nje kwa mkono mmoja na bitana kwa mwingine, kifuani, juu kidogo ya kifungo cha juu, uvitenganishe. Ukihisi safu ya tatu inayoelea katikati na kuruka kama chemchemi ukiikunja, hiyo ndiyo. Ukihisi safu mbili tu, na ile ya nje ni ngumu kidogo kama iliyopigwa gundi, basi kitambaa cha kati kimebandikwa kwa pasi, nacho mara nyingi ni cha poliesta au pamba.

Halafu inua kola utazame chini yake. Mafundi wengi hutandika hapo kipande cha felti, na felti hiyo mara nyingi ina sufu, hata suti yenyewe ikiwa haina. Ndiyo maana suti ya bei ndogo, iliyobandikwa mwanzo hadi mwisho, kwa mvegani huwa salama kuliko ile iliyoshonwa kwa mkono. Ni nadra ubora wa fundi kuwa hasara ya mnunuzi, lakini hapa ndivyo ilivyo. Kola ya felti fundi cherehani anaweza kuifumua na kuweka kitambaa cha pamba. Kifua cha nywele za farasi hakifai kuguswa, koti litapoteza umbo lote.

Tai za poliesta nazo pengine zina kitambaa cha kati chenye sufu. Kofia ngumu za felti huwa ama za sufu ama za manyoya ya sungura, ziache.

Vifungo havina haja ya kukufukuza dukani. Gusisha kifungo mdomoni: cha chaza ni baridi na kizito, cha plastiki ni vuguvugu. Sindano yenye moto nyuma ya kifungo huyeyusha plastiki, hutoa harufu ya nywele kwenye pembe, na harufu ya maziwa yaliyoungua kwenye kazeini (protini ya maziwa) ya nguo za kale. Kuvibadilisha vyote ni kazi ya nusu saa. Kiraka cha kiunoni mwa jinzi ni hivyo hivyo: kingine ni karatasi ngumu, kingine ni ngozi; tazama ukingo, na ukitaka kifumue kwa kisu cha kufumulia mishono ukivuta uzi kutoka ndani.

Ngozi bandia iliyotumika: hapa mtumba hushindwa

Mvegani aliyekataa ngozi hukimbilia koti la bandia la mtumba, na miezi miwili baadaye kola inamwaga magamba mgongoni. Sababu ni kemia. Ngozi bandia nyingi zimepakwa plastiki iitwayo poliurethani, na aina nyingi za poliurethani huvunjwa na unyevu wa hewa pole pole, joto likiongeza kasi. Haijalishi ilivaliwa au ilikaa kabatini. Kabati lenye unyevu huimaliza haraka kuliko matumizi. PVC haivunjiki hivyo. Yenyewe hupoteza vilainishi vyake, hugeuka yenye kunata, kisha ngumu.

Pima kabla ya kulipa. Kunja kwa nguvu sehemu ya kiwiko na utazame mkunjo kama una nyufa nyembamba kama nywele. Bonyeza kola kwa kidole gumba kwa sekunde 10, ikinata, acha. Kwaruza kidogo kwa ukucha kwenye mshono wa kwapa, sehemu inayoanza kufa. Nyufa zikishaanza hakuna rangi wala mafuta yatakayozizuia, na wauzaji wanaopaka mafuta ya kung'arisha wanazificha kwa wiki moja au mbili tu. Koti la bandia lenye umri wa miaka zaidi ya mitano huwa ni bahati nasibu. Bora jaketi la turubai la pamba au la jinzi.

Ugonjwa huo huo uko kwenye viatu. Soli ya kati ya poliurethani husagika kama keki kavu, hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Soli za EVA (sponji nyepesi ya plastiki) na za mpira hazina kasoro hiyo. Tarehe ya kutengenezwa mara nyingi iko kwenye lebo ndogo ndani ya ulimi.

Viatu

Kwa viatu ushauri ni kununua vipya, isipokuwa raba za turubai zenye soli ya mpira. Alama za Umoja wa Ulaya zilizoanzishwa na agizo la mwaka 1994 husaidia: umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi halisi, umbo hilo likiwa na almasi ndani ni ngozi halisi iliyopakwa, wavu ni kitambaa, na almasi peke yake ni malighafi nyingine. Alama zimepangwa kwa sehemu tatu: juu, bitana na soli. Hila iko kwenye kiwango: alama hutaja kitu kinachofikia angalau asilimia 80 ya sehemu hiyo. Kiatu chenye alama ya wavu kinaweza kuwa na kisigino cha ndani cha ngozi na bado kikawa halali. Ingiza kidole, gusa mahali kisigino kinapokaa.

Gundi haionekani kwa jicho. Viatu vya siku hizi vingi hutumia gundi za kiwandani, ilhali vya zamani vilivyoshonwa kwa mkono huweza kuwa na gundi ya mifupa na ngozi. Kwa kipya mwandikie mtengenezaji. Uliza pia "ngozi" ya nanasi au kaktasi imepakwa nini; nyingi zina tabaka la poliurethani, na zitazeeka kama ndugu zake.

Joto bila sufu

Sufu ina sifa moja ambayo pamba haina: hutunza joto hata ikilowa. Kwa baridi kavu, sweta nzito la pamba au kodrai linatosha. Kwa baridi yenye mvua chukua flisi (kitambaa laini chenye vinyoya) ya poliesta na jaketi lenye ujazo wa kiwandani. Liinue jaketi mbele ya taa: pale mwanga unapopenya ujazo umekufa, na hakuna kufua kutakakourudisha. Flisi humwaga nyuzi za plastiki kila inapofuliwa, kwa hiyo fua kwa maji baridi, mashine ikiwa imejaa, ndani ya mfuko wa wavu mwembamba, na uianike badala ya kuikausha kwa joto. Poliesta hushika harufu ya kwapa kuliko pamba. Nusa kabla ya kununua, maana harufu iliyozoea poliesta haitoki kirahisi.

Faida moja ya kuacha sufu haisemwi vya kutosha. Viwavi wa nondo wa nguo hula keratini, protini iliyomo kwenye sufu, manyoya na malaika. Aliyeleta sweta la sufu la mtumba huenda akalazimika kuliweka kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2 ili kuwaua. Mvegani anayeua viwavi ili atunze sufu amejipeleka mahali pa ajabu. Pamba safi na poliesta hazina kitu wanachokitafuta.

Ukinunua mtandaoni

Omba picha tano: lebo pande zote mbili, chini ya kola, ukingo uliokatwa mfukoni, mkunjo wa kiwiko, na kwa kiatu, ndani ya ulimi. Neno "vegan" kwenye tangazo la mtumba ni la muuzaji, si la mtengenezaji. Mara nyingi linamaanisha tu kwamba halikuandikwa ngozi popote. Nguo yenye lastiki omba ivutwe na kuachiwa kwenye video fupi, maana lastiki iliyokufa haionekani kwenye picha. Muuzaji anayetuma picha za mbele kumi na hana hata moja ya ukingo, mwache na koti lake.